Nani apite kwanza? Jinsi ya kupanga foleni ya intaneti kwenye ruta ya nyumbani

Vijana wengi wa Pwani walioko Nairobi siku hizi hufanya kazi wakiwa chumbani. Kuna wanaopokea simu za wateja wa kampuni za ng'ambo, kuna wanaofasiri, wanaosomesha na wanaohudhuria mihadhara ya chuo. Katika fleti za Kangemi, Kawangware, Kileleshwa na Kilimani, laini moja ya faiba, au ruta moja yenye kadi ya simu, huhudumia watu wanne au watano na wageni juu. Jioni, mmoja anapozungumza na mwajiri, simu ya mwenzake inapeleka picha mia tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni, runinga inaonyesha mpira, na mtoto anapakua mchezo. Sauti ya aliye kazini inaanza kukatika. Mwajiri hana habari ya mpira wala ya picha. Ajualo ni kwamba mtu huyu hasikiki, na wiki ijayo zamu atapewa mwengine.

Ushauri unaotolewa haraka ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Wakati mwengine ni ushauri mzuri. Lakini mara nyingi kasi iliyopo inatosha, na kinachokosekana ni utaratibu wa nani apite kwanza. Ruta nyingi zina uwezo wa kuuweka utaratibu huo. Jina lake kwenye skrini ni herufi tatu, QoS, na makala haya yanaeleza namna ya kuupanga, nini cha kutarajia, na wapi nguvu zake zinakoma.

Tatizo ni foleni

Mpwani hahitaji kufunzwa foleni, Likoni imetosha kumfunza. Feri ni ile ile na nafasi zake ni zile zile, lakini ambulensi ikifika hupishwa. Feri haikuongezwa ukubwa kwa ajili yake, ila mwenye kusimamia foleni anajua nani hawezi kungoja.

Intaneti nayo husafiri vipande vipande. Kila picha, kila neno unalosema kwenye simu ya WhatsApp, hukatwa kuwa paketi ndogo ndogo. Paketi zikifika kwenye ruta kwa wingi kuliko laini inavyoweza kuzitoa, hupangwa kwenye kumbukumbu ya muda iitwayo bafa. Kwa kawaida aliyetangulia hutoka mwanzo. Utaratibu huo una haki ya aina yake, lakini paketi ya sauti ikikuta paketi mia za picha zimetangulia, itangoja zote ziishe.

Tufanye hesabu. Tuseme laini yako inapakia, yaani inatoa data kwenda nje, kwa megabiti 2 kwa sekunde. Paketi kubwa ya kawaida ina baiti 1,500, sawa na biti 12,000. Kwenye laini hiyo paketi moja huchukua milisekunde 6 kutoka. Zikiwa mia zimetangulia, paketi yako ya sauti itangoja milisekunde 600, zaidi ya nusu sekunde, kabla haijatoka hata nyumbani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri kwamba sauti ichukue milisekunde 150 au chini kutoka kinywa hadi sikio ili mazungumzo yaende vizuri. Umeshapitwa mara nne, na sauti bado haijavuka Waiyaki Way.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wake mwengine. Simu ya sauti hutumia takriban kilobiti 100 kwa sekunde, yaani sehemu moja kwa ishirini ya laini hiyo ndogo. Paketi zake zikipewa ruhusa ya kupita mbele, zitangoja paketi moja tu iliyokwisha kuanza kutoka, milisekunde 6 hivi. Mwenye picha hataona tofauti, na mwenye kazi ataokoa kazi yake. Hii ndiyo faida ya kanuni za kipaumbele: anayehitaji haraka aghalabu ndiye anayehitaji kidogo.

Wataalamu wameliona tatizo hili kwa miaka mingi. Oktoba 1986, kule California, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani yake yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu kompyuta zilikuwa zikisukuma data bila kujali msongamano. Van Jacobson alichapisha mwaka 1988 njia ya kuzifanya kompyuta zipunguze mwendo zinapoona paketi zinapotea, na njia hiyo ingali ndani ya intaneti tunayotumia. Baadaye watengenezaji waliweka bafa kubwa mno kwenye ruta zao, wakidhani kutopoteza paketi hata moja ni jambo jema. Matokeo yake kompyuta haikupata ishara ya kupunguza mwendo mpaka foleni ilipokuwa imerefuka kupita kiasi. Mwaka 2012 Van Jacobson huyo huyo na Kathleen Nichols walitoa njia ya kuipima foleni kwa muda ambao paketi imekaa ndani yake. Njia hiyo inaitwa CoDel. Kutokana nayo zikatokea fq_codel na CAKE, majina ambayo utayaona kwenye ruta nzuri za leo.

Pima kabla ya kugusa chochote

Bila vipimo utakuwa unabahatisha. Chukua laptopu, iunganishe na ruta kwa waya kama unao, au kaa karibu na ruta. Pima kasi ya kupakua na kasi ya kupakia mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri, na saa tatu usiku wakati majirani wote wako mtandaoni. Yaandike majibu kwenye karatasi. Usiitegemee namba iliyo kwenye tangazo la kifurushi. Ifanyie kazi namba uliyoipima wewe.

Kisha pima ucheleweshaji. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta na uandike ping 8.8.8.8. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili kipimo kisisimame. Utaona milisekunde zinazotumika kwenda na kurudi. Andika namba hiyo wakati nyumba imetulia. Halafu mwambie mtu apakie video kubwa na mwengine apakue faili kubwa, uitazame tena.

Namba ikipanda kidogo tu, mfano kutoka 12 hadi 30, foleni yako haina shida kubwa, na kama simu bado zinakatika, tafuta sababu kwengine. Ikiruka kutoka 12 hadi 400 au 900, umempata mwizi. Na ikiwa iko juu, inarukaruka hata nyumba ikiwa kimya, basi tatizo liko kwenye waifai au kwa mtoa huduma, na hakuna kanuni ya kipaumbele itakayoliondoa.

Weka dari chini kidogo ya kasi ya laini

Hapa ndipo wengi hukwama. Huingia kwenye ruta, huwasha QoS, huipa laptopu kipaumbele cha juu, na hawaoni mabadiliko yoyote. Sababu ni kwamba foleni haikuwa ndani ya ruta yao. Ilikuwa mbele yake, kwenye kifaa cha faiba au kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambako amri zao hazifiki. Ni kama kumweka askari wa foleni getini kwako ilhali magari yamepangana barabarani.

Dawa ni kuifanya ruta yako itoe data polepole kidogo kuliko laini inavyoweza. Foleni itajengeka ndani ya ruta, mbele ya askari wako. Anza na asilimia 90 ya kasi uliyopima. Ukipima megabiti 10 za kupakua na 2 za kupakia, andika 9 na 1.8. Ukiona ucheleweshaji bado unapanda, shuka hadi asilimia 85. Ukitulia, jaribu 95. Kile kidogo unachokipoteza katika kasi ndicho kinachonunua utulivu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, ruta nyingi hutaka namba kwa kilobiti, na megabiti 1 ni kilobiti 1,000. Ukiandika 9 badala ya 9,000 utaifunga nyumba nzima, na kelele utazisikia kabla hujatoka kwenye kiti. Ya pili, usichanganye megabiti na megabaiti: baiti moja ni biti nane.

Huenda ukauliza: kupakia ninakuelewa, kwani data inatoka kwangu, lakini kupakua je? Data inayoingia imeshapita kwenye laini ninapoipokea. Ni kweli huwezi kuisimamisha ikiwa njiani. Lakini ruta ikiichelewesha au ikiangusha paketi chache, kompyuta iliyoko upande wa pili huona dalili za msongamano na kupunguza mwendo, kwa njia ile ya mwaka 1988. Kwa hivyo dari ya kupakua nayo hufanya kazi, ingawa si kwa uhakika wa dari ya kupakia.

Panga madaraja manne, si zaidi

Ukimpa kila mtu kipaumbele, hujampa yeyote. Madaraja manne yanaitosha nyumba.

Daraja la kwanza ni mambo yasiyoweza kungoja: simu za sauti, mikutano ya video, na maulizo ya DNS, yaani yale yanayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Maulizo haya ni madogo sana, lakini yakichelewa kila kitu kinaonekana kizito.

Daraja la pili ni kazi na masomo: kompyuta ya mwenye ajira, tovuti ya chuo, barua pepe.

Daraja la tatu ni matumizi ya kawaida: kusoma habari, ujumbe wa WhatsApp, YouTube na filamu. Video ya kutazama huhifadhi sekunde kadhaa mbele, kwa hivyo inaweza kungoja bila mtazamaji kujua. Wengi huipa runinga daraja la kwanza kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa sana, kumbe ndiyo yenye subira kuliko zote.

Daraja la nne ni mizigo: nakala za picha zinazojipeleka zenyewe, masasisho ya simu na kompyuta, michezo inayopakuliwa. Haya yakimalizika saa nane usiku hakuna aliyedhurika.

Ruta nzuri itakuuliza namba mbili kwa kila daraja: kiwango cha uhakika na kiwango cha juu. Cha uhakika ni haki ya daraja hilo hata nyumba ikijaa. Cha juu ni mwisho linapoweza kufika wengine wakiwa hawatumii. Kwa laini yetu ya mfano, yenye dari ya kupakia ya kilobiti 1,800, unaweza kuanza hivi:

Daraja la kwanza: uhakika 800, juu 1,500.
Daraja la pili: uhakika 400, juu 1,800.
Daraja la tatu: uhakika 300, juu 1,800.
Daraja la nne: uhakika 100, juu 1,000.

Jumla ya uhakika ni 1,600, chini ya dari. Usiivushe kamwe, kwani utakuwa umeahidi usichonacho. Hizo 800 za juu zinatosha mazungumzo ya video ya watu wawili, ambayo Zoom hutaja kuwa yanahitaji takriban kilobiti 600 kwa ubora wa juu, na simu ya sauti kando. Ukiona nyumbani kwako watu wawili hukutana kwa video saa moja, daraja hili liongezee au uwaombe mmoja azime kamera. Na daraja la nne usilinyime kabisa. Simu isiyopata sasisho lake miezi sita ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni.

Tambua kifaa kabla ya kutambua apu

Kuna njia tatu za kuijulisha ruta paketi ipi ni ya daraja gani. Ya kwanza ni kwa apu: ruta yenyewe inajaribu kutambua hii ni Zoom, hii ni YouTube. Inavutia, lakini leo sehemu kubwa ya data husafiri ikiwa imefichwa kwa usimbaji, na ruta hukisia tu. Simu ya WhatsApp na video iliyotumwa kwa WhatsApp si rahisi kuzitenganisha.

Ya pili ni alama ambayo apu huiweka juu ya paketi, iitwayo DSCP. Simu za ofisini za intaneti hutumia alama ya 46, ambayo maana yake ni kwamba paketi isicheleweshwe. Ndani ya nyumba alama hii ina manufaa, ila ikitoka nje mitandao mingi huifuta au huipuuza.

Ya tatu, na ndiyo ya kuanzia, ni kwa kifaa. Laptopu ya kazi ina anwani yake ya MAC. Ipe anwani ya IP isiyobadilika ndani ya ruta, kisha uiweke kwenye daraja linalostahili. Runinga nayo vivyo hivyo. Ni njia nyepesi na haidanganyiki na usimbaji.

Ina mtego mmoja. Simu za Android tangu toleo la 10, na za iPhone tangu iOS 14, hujitengenezea anwani ya MAC ya kubuni kwa ajili ya kulinda faragha. Kanuni uliyoiandika inaweza kupoteza mwenyewe siku simu itakapobadilisha anwani. Kwenye mipangilio ya waifai ya simu, zima anwani ya kubuni kwa mtandao wa nyumbani peke yake, uiache ikiwaka kwengine kote.

Ruta uliyo nayo

Ruta iliyoletwa na mtoa huduma. Angalia karatasi iliyobandikwa chini yake upate anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila. Badilisha nywila hiyo kwanza. Ruta nyingi za namna hii hazina QoS ya maana, au mtoa huduma ameifunga. Mpigie umuulize. Akikataa, una njia ya kununua ruta yako mwenyewe na kuichomeka nyuma ya hiyo ya kwanza. Katikati ya jiji, maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani huuza mpya na zilizotumika. Sharti moja: vifaa vyote vipite kwenye ruta mpya, na waifai ya ile ya zamani izimwe. Kifaa kimoja kikibaki kule, kinaingia feri kwa mlango wa nyuma.

Ruta ya kawaida ya dukani. Nyingi hukuruhusu kuandika dari na kuchagua vifaa vya kipaumbele. Inatosha kwa nyumba ya watu wanne. Baadhi huweka muda, mfano saa mbili, kisha kipaumbele hujiondoa chenyewe, kwa hivyo angalia kabla ya mkutano.

Ruta inayokubali OpenWrt. Hii ni programu huru inayowekwa badala ya ile ya kiwandani. Hakikisha kwanza kwamba modeli yako imo kwenye orodha ya wenyewe, kwani kuiweka kwenye modeli isiyokubali kunaweza kuiua ruta. Ukishaiweka, ongeza kifurushi cha SQM, andika dari mbili, chagua CAKE, basi. Nyumba nyingi hazitahitaji hata madaraja, kwani CAKE hugawa laini kwa usawa na kuzuia mwenye mzigo mkubwa asiwafunike wenye midogo. Kazi hii huila prosesa. Kama laini yako ni ya kasi kubwa na ruta ni ndogo, pima upya uone kama ruta yenyewe haijawa kizuizi.

MikroTik. Mafundi wengi wa mitaani wanaijua, na toleo la 7 la programu yake lina fq_codel na CAKE. Mambo mawili huwapiga chenga watu. Kwanza, vipaumbele vyake huanzia 1 hadi 8, na 1 ndiyo ya juu. Kipaumbele huamua nani achukue kilichobaki baada ya kila mmoja kupata kiwango chake cha uhakika. Ukiacha kuandika viwango hivyo, na dari ya foleni mama, namba ya kipaumbele haitakufaa. Pili, kuna kanuni iitwayo FastTrack ambayo huipitisha data kwa njia ya mkato ili kuipunguzia prosesa kazi. Data inayopita huko haiingii kwenye foleni ulizotengeneza. Fundi akisema amepanga foleni na huoni tofauti, muulize kuhusu FastTrack kabla ya kumuuliza kitu chengine. Ruta za kampuni nyengine nazo huwa na njia ya mkato ya aina hii kwa jina jengine.

Ploti yenye laini moja

Kangemi na Kawangware kuna ploti ambazo mwenye nyumba huleta laini moja, na vyumba kumi huchangia. Hapa kipaumbele cha apu au cha kifaa huleta ugomvi, kwani nani aamue kwamba kazi ya chumba cha tatu ni bora kuliko masomo ya chumba cha saba? Haki katika ploti ni mgao sawa kwa chumba, si kwa kifaa. Mwenye simu moja asimezwe na mwenye simu mbili, runinga na laptopu.

Kila chumba kikiwa na ruta yake ndogo, ruta kuu itakiona kuwa anwani moja, na CAKE itagawa kwa anwani hizo. Kwenye MikroTik kazi hiyo hufanywa na aina ya foleni iitwayo PCQ. Vyumba vinane vikilala, viwili vilivyo macho vinagawana laini yote, na vyote kumi vikiamka, kila kimoja kina fungu lake. Ndani ya fungu lake mpangaji apange atakavyo. Kabla ya yote, mwenye ploti asome mkataba wake na mtoa huduma kuhusu kugawana au kuuza tena.

Waifai ni foleni nyengine

Kanuni zote hizi hushika baina ya ruta na laini. Baina ya simu na ruta kuna hewa, na hewa ya fleti za Nairobi imejaa. Masafa ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na ukifungua orodha ya mitandao ukiwa Kawangware unaweza kuona ishirini. Laptopu ya kazi itumie 5 GHz ikiwa iko karibu, au bora zaidi waya. Ruta isifichwe nyuma ya runinga wala ndani ya kabati. Na mpangilio uitwao WMM, unaoitofautisha sauti na mizigo hewani, uache ukiwa umewashwa.

Mambo ambayo ruta haiwezi

Askari wa foleni hawezi kuongeza feri. Nyumba yenye mikutano minne ya video kwa wakati mmoja kwenye laini ya megabiti 2 inahitaji laini kubwa, na hapo kifurushi kipya ni jibu la haki.

Hawezi pia kutibu msongamano wa mtoa huduma. Kama vipimo vyako vya saa tatu usiku ni nusu ya vile vya asubuhi kila siku, una ushahidi. Peleka karatasi yako kwa mtoa huduma, na asipokujibu, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo makao yake yako Waiyaki Way. Wenye ruta za kadi ya simu wajue kasi yao hubadilika kila saa, kwa hivyo dari yao waipange kwa kipimo cha chini cha jioni.

Wala hawezi kufunga kidonda kilicho baharini. Sehemu kubwa ya intaneti inayotumiwa Westlands na Kilimani huingia nchini kupitia Mombasa, kwa nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM za mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na bandari ya Mombasa iliukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na watu wa Kenya nzima wakaona mitandao imelemaa. Siku kama hizo, usiibomoe mipangilio yako kwa hasira.

Kubalianeni kabla ya kuandika

Mwenye nywila ya ruta ana mamlaka ambayo wengine hawayaoni. Anaweza kumpunguzia mtu intaneti na mwenyewe asijue kwa nini mtihani wake ulikwama. Kwa hivyo jambo hili liamuliwe kwa mazungumzo. Kaeni, kila mtu ataje saa ambazo hawezi kukatika: zamu ya kazi, darasa, miadi ya daktari kwa video, simu ya jioni ya mzee aliyeko Lamu au Vanga ambaye mtandao wake nao si mzuri. Kulipa bili hakumfanyi mtu kuwa ambulensi. Aliye na zamu ndiye ambulensi, na kesho zamu inaweza kuwa ya mwengine.

Baada ya makubaliano, fuateni mpangilio huu. Pimeni. Wekeni dari peke yake, bila madaraja, muishi nayo siku tatu. Nyumba nyingi hutulia hapo hapo na hazihitaji zaidi. Kukibaki shida, tieni kifaa kimoja au viwili kwenye daraja la kwanza na mizigo kwenye la nne. Badilisheni jambo moja kwa wakati, kisha mpime tena kwa ping, nyumba ikiwa imejaa. Hifadhini nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, kwani ruta ikirudishwa hali ya kiwandani kila kitu hupotea. Na karatasi ya dari na madaraja ibandikwe ukutani karibu na ruta, ili kila mkaazi wa nyumba aweze kuisoma na kuuliza kwa nini jina lake liko pale lilipo.